Huenda ya Daktari

Watoto wodini walimwita Daktari Bibi Tochi, kwa sababu kila asubuhi alikuja na kijitochi chake kuwamulika machoni. Jina hilo alilitunga mtoto mmoja wa miaka mitatu, mtundu kupindukia, ambaye jicho lake la kushoto lilimeremeta kama la paka. Ilikuwa saratani. Jicho lilitolewa, lakini ugonjwa ulishatangulia, ukamchukua kabla hajatimiza minne.

Msiba haujapoa, mama yake akaja na swali moja tu: ugonjwa ule ulitoka kwake? Mawifi walishaanza kumnyooshea kidole. Daktari, mtafiti wa vinasaba, hakujua. Ila kusema "sijui" kulimshinda, maana usomi nao una kiburi chake.

"Huenda umo kwenye damu yenu," akajibu.

Akachukua damu ya wazazi wote wawili, akaihifadhi kwenye friza pamoja na ya mtoto na kipande cha uvimbe, akaahidi jibu.

Ahadi ni deni, na hili lilikaa miaka tisa likisubiri mashine ya kusoma vinasaba. Mashine ilipofika, alianza na sampuli za yule mtundu. Hitilafu ilikuwa ndani ya uvimbe peke yake. Damu ya mama safi, ya baba safi, ya mtoto mwenyewe safi. Kosa lilizuka lenyewe jichoni, halikurithiwa kwa mtu. Daktari alifurahi, Mungu amsamehe, akampigia mama simu kama anayealika harusini.

Mama alikuja, kichwa kimeshaota mvi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aelezwe tena taratibu.

"Kwa hiyo ningezaa mwingine, asingeugua?"

Daktari akasema asingekuwa na hatari kuliko mtoto mwingine yeyote.

Mama akatazama mikono yake. Akaeleza kwamba mwezi uleule alioambiwa ile huenda, alikwenda kufunga kizazi. Mumewe alivumilia miaka miwili, akaoa kwingine. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Huu wa Daktari uliponza tumbo la mtu mwingine.

"Nisamehe, dada yangu," Daktari alisema, huku machozi yakimtoka.

"Sikulaumu. Lakini ungeniambia tu kwamba hujui. Ningezaa."

Kisha akaomba kuiona damu ya mwanawe. Daktari akamletea kichupa, kimeganda, kina namba tu. Mama akakifumbata kiganjani. Damu ikaanza kuyeyuka, na Daktari, aliyezoea kufokea watu kwa kuacha friza wazi dakika moja, hakumnyang'anya.