Alama za Magurudumu Pale Lweba

...ishirini na tano, mita ishirini na tano na gari limesimama, barabara kavu, breki nzima, magari ya mitihani ya mwalimu Eugène hayana mtu mbele yake hata siku moja, "Casimir, we ulipata ngapi?" Roger ananinong'oneza, tunakaa benchi moja, ngoja, Roger, ngoja kidogo, nimegeuza karatasi, huku nyuma ni lori la baba, lori la pamba, mvua, tope la Lweba, na mama yako na kikapu chake cha ndagala, dagaa wa ziwani... nilipima alama za magurudumu mwenyewe kwa kamba ya wavu, mita arobaini na tano, nikaburuta kipande cha tairi chenye matofali juu ya tope lilelile, tope linashika robo tu ya uzito, nilifurahi, robo tu! nani angesimamisha lori hapo, nikapanda mpaka Fizi kumwambia baba kwenye dirisha la buloko, jela yao, akacheka, mara ya kwanza tangu wamfunge, "Mutoto wangu, mi nilikuwa naenda polepole, kilometa makumi tatu, utamuonyesha juge na hesabu yako"... na kwenye matanga ya mama yake nilimwapia Roger hivyohivyo, baba alikwenda polepole, akaniamini, akanishika mkono mbele ya wajomba zake waliotaka kunipiga... basi fanya, mbili mara robo mara kumi ya mvutano wa dunia mara mita arobaini na tano, mia mbili ishirini na tano, kipeuo chake cha pili kumi na tano, mita kumi na tano kwa sekunde, kilometa hamsini na nne kwa saa, hapana, nimekosea, rudia... kumi na tano... kwa makumi tatu ya baba lori lingesimama ndani ya mita kumi na nne, na mama yake Roger, mama Pulchérie, alilala mwisho kabisa wa alama, angegeuka tu, angemtukana baba matusi yote ya Kibembe, angekwenda zake sokoni... baba, umenidanganya, ukacheka, nami nakupenda, nina hasira, "Bado dakika tano," anasema mwalimu, "Ndugu," anasema Roger, "mi nilipata makumi mbili na tano, iko sawa?" iko sawa, namjibu, makumi mbili na tano, na kiganja changu kimefunika ile nyingine, ile ya lori, wino bado mbichi, Jumatatu mahakamani atakuwa amekaa mbele kabisa na wajomba zake, na jaji, juge wa baba, atanigeukia aniulize swali hilihili, Casimir, ulipata ngapi...