Bi Mwanapili Katikati ya Barabara

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wapenda magari fulani walibuni mashindano ya magari mastaafu. Sheria yao ya kwanza ilikuwa kwamba gari lazima liwe limewahi kukimbia mbio kubwa, likachoka, likakataliwa. Basi nchi nzima yakafufuliwa magari ambayo kuku walikuwa wameshahamia humo na kuzaa wajukuu. Mbio za msimu zilikuwa nne: Nakuru, Eldoret, Nyeri, na za kufungia Kwale.

Kibwana wa Msambweni, dereva wa trekta la miwa kule Ramisi, naye alikuwa na mstaafu wake. Lilikuwa gari la rangi ya buluu, au tuseme liliwahi kuwa la buluu. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, na kioo cha nyuma kilikuwa kimeshaaga dunia. Nakuru, rejeta ilitoboka kabla ya kona ya pili. Eldoret, gurudumu la mbele liliamua kuendelea na mbio peke yake, na Kibwana akabaki kulitazama likimpita Mzungu mmoja wa Molo. Nyeri gari lilikufa kwa baridi, na Karisa, msomaji ramani wake, nusura alifuate.

Yote haya yangekuwa kichekesho tu kama Kibwana asingekuwa amepeleka posa kwa kina Esha. Mamake Esha, Bi Mwanapili, muuza mahamri anayejulikana Msambweni nzima kwa mahamri na kwa ulimi, aliwajibu washenga hivi:

"Kijana ni mzuri, sina neno. Lakini nasikia kila anakokwenda hurudi amebebwa na lori, yeye na gari lake. Mtu asiyemaliza jambo nitampaje mtoto? Na amalize hizo za Kwale, hata akiwa wa mwisho, aje tuzungumze. Asipomaliza, yuko mwalimu wa Jego anangoja."

Esha alipopata nafasi alimwambia Kibwana, "Usiende kushinda. Wewe ukitaka kushinda huharibu. Fika tu."

Kufika nako kulikuwa na kazi yake. Stata ilikuwa imekufa tangu Nyeri, gari likawa likisimama tu huzimika, na haliwaki tena mpaka lisukumwe, na sheria ya msimu haikuwa na huruma: gari likisukumwa njiani, limetolewa. Kwa bahati mbio za Kwale zilianzia mlimani. Bendera iliposhuka, Kibwana aliliachia gari mteremkoni, likakohoa, likapiga chafya, likawaka.

Kabla haijashuka, Kamande wa Nakuru, aliyekuwa akiongoza msimu, alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Wewe wa pwani! Hiyo ni gari ama ni nyumba ya kuku?"

"Ni nyumba ya kuku, kaka," Kibwana akamjibu. "Karibu utage."

Njia ilishuka kutoka Kwale mpaka Ukunda, ikafuata pwani hadi Msambweni, na kumalizikia uwanja wa kiwanda cha sukari, Ramisi. Baada ya Ukunda ulianza mchanga. Wageni wa bara waliuingia kwa kasi na mchanga ukawapokea kwa mikono miwili. Kibwana, aliyeizoea njia ile kwa trekta, alipita pembeni kwenye majani, polepole, kama anayenyata mbele ya mbwa aliyelala.

Baada ya muda Karisa aliinua uso kutoka kwenye ramani. "Kibwana, mbele yetu hakuna mtu."

"Tumepotea?"

"Hatujapotea. Tunaongoza."

Kibwana akaingiwa na hofu kubwa. Hakuwa amejiandaa kwa jambo kama hilo.

Walipotokea njia panda ya Msambweni, hofu ilipata mwenziwe. Katikati kabisa ya barabara, leso mbili mpya mwilini na mkono kiunoni, alisimama Bi Mwanapili. Alikuwa ametoka kuhakikisha kwa macho yake.

Sasa, kwetu huku mkwe hapitwi. Ukimkuta njiani, uwe kwa miguu, kwa baiskeli au juu ya punda, utashuka, utavua kofia, utainama umwamkie, utaulizwa hali za watu wote wa nyumbani kwenu na mbuzi wao, na hutaondoka mpaka uambiwe nenda. Kumpita mkwe na kumwachia vumbi ni kujitangazia mwenyewe kwamba hukulelewa.

"Simama," Karisa akasema.

"Nikisimama, gari limekufa."

"Basi mpite."

"Nikimpita, nimekufa mimi."

Kibwana akakata usukani, akaanza kumzunguka. Alivua kofia kwa mkono mmoja na kuinama mpaka paji la uso likagusa honi, ikalia. Karisa akadaka usukani.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Hujambo mwanangu?" Bi Mwanapili akawa anageuka taratibu ili asimpe mgongo mtu anayemsalimu.

"Sijambo, mama!" Gari likapotelea nyuma yake, likatokeza tena.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo!"

"Na ule mguu wake?"

"Umepata nafuu!"

"Mbona husimami? Unanitia kizunguzungu!"

"Siwezi, mama! Nikisimama sitamaliza!"

Bi Mwanapili alilifikiria hilo kwa nusu mzunguko. Alikuwa mtu wa haki. Sharti alilitoa mwenyewe. "Haya, zunguka. Na mama yako?"

Hapo ndipo Kamande alipowasili, mchanga mpaka kwenye nyusi. Alichokiona ni gari linaloongoza likimzunguka mwanamke kwa adabu kubwa. Kwenye ramani hakikuandikwa kitu kama hicho, lakini mashindano haya yalikuwa na vituo vya ajabu ajabu. Akaingia nyuma ya Kibwana.

"Wee! Hapa tunazunguka mara ngapi?"

Karisa hakupepesa hata jicho. "Mpaka akuruhusu! Mwamkie!"

"Shikamoo mama!" Kamande akapaza sauti.

Akafuata Singasinga mmoja wa Kisumu, kisha yule Mzungu wa Molo, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa cha kuamrisha watu, na sasa akatafuta humo neno la heshima kwa shida. Magari manne yakawa yanamzunguka Bi Mwanapili, shikamoo zinatoka kila upande, naye anaitikia bila haraka. Hata siku ya Iddi hakuwahi kuamkiwa hivyo.

Mwishowe alimpungia Kibwana mkono. "Haya, nenda mwanangu! Watu wanakimbia, wewe unakaa kupiga soga!"

Kibwana akachomoka. Kamande naye alitaka kumfuata, ila zamu yake ilikuwa imefika.

"Na wewe, mama yako hajambo?"

"Alikufa, mama!"

"Inna lillahi! Lini? Aliugua nini?"

Kamande alieleza ugonjwa huo kwa mizunguko mitatu.

Kibwana aliuvuka mstari wa Ramisi peke yake, na gari likazimika hapo hapo. Hakuwa ameshuka bado wakati Kamande alipofika akifoka kwamba amezuiwa njiani kwa salamu. Mkubwa wa mashindano, bwana wa Nairobi mwenye soksi ndefu, akapekua kanuni. Alikuta ng'ombe, alikuta mafuriko, alikuta hata gari moshi. Mkwe hakumkuta.

"Mbio zimefutwa," akatangaza. "Leo hakuna aliyemaliza."

 Kichwani mwake Kibwana akamwona mwalimu wa Jego amevaa kanzu ya harusi.

"Nani hakumaliza?" Sauti ilitoka kwenye gari la Mzungu wa Molo, lililokuwa linaingia uwanjani. Bi Mwanapili akateremka, akajitengeneza leso. "Bwana, mwisho wa mbio ni wapi?"

"Ni hapa, mama, lakini kwa mujibu wa kanuni..."

"Na gari lile liko wapi?"

"Liko hapa, lakini..."

"Mimi nilisema amalize. Sikusema aandikwe." Akamgeukia Kibwana. "Kesho walete wazee wako, baada ya alasiri. Sasa shuka humo uniamkie vizuri. Zile salamu za kuzunguka mimi sizihesabu."

Kibwana akashuka, akavua kofia, akainama. Nyuma yake Kamande naye akavua ya kwake, asije akaambiwa hajamaliza.