Kicha cha Funguo za Mama

Kaka yangu alinyoosha kiganja juu ya meza, akasema, "Mama, funguo."

Mama aliendelea kunywa chai. Mkono mmoja ulishika kikombe, wa pili ulifunika kicha cha funguo kikubwa kama kitunguu: za milango, za stoo, za makufuli yaliyokwisha kutupwa, hata wa nyumba tuliyohama mimi sijaota meno. Ule wa gari ulikuwa humo humo.

Juzi yake gari lilikuwa limemzimikia katikati ya makutano. Lori lililokuja nyuma lilifunga breki likabakiza nafasi ya kupita kuku. Haikuwa mara ya kwanza, na kila mara mama alieleza vilevile: taa za dashibodi hupotea, injini hukata, kisha gari huwaka tena kama halikufanya kosa. Kabla ya hapo kaka alikuwa ameliendesha wiki nzima kwa ufunguo wa akiba, lisikohoe hata kidogo. Akakata kauli kwamba mgonjwa si gari. Mama anapotewa na fahamu, au analizima mwenyewe bila kujijua.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilikwisha kupima betri, fyuzi na waya, nikaambulia patupu, nami nikaanza kuogopa. Bila gari mama asingeweza kumfikia dada yake, mama yetu mkubwa, aliyekuwa hatoki kitandani. Lakini lililoniuma zaidi ni alilonong'ona jana yake tukiosha vyombo: "Labda kweli ni mimi, mwanangu. Labda kichwa kinaniruka." Sikuwahi kumsikia mama akisema labda.

"Kaka, nipe mpaka jioni," nikasema.

"Utapata nini leo ambacho jana hukukiona?"

Nikamgeukia mama. "Leo endesha wewe. Fanya kama ufanyavyo siku zote, hata kama ni kutukana."

Nilifunga taa yangu ya kupimia kwenye waya unaotoka kwenye swichi ya kuwashia, pale ufunguo unapochomekwa, nikaiweka juu ya dashibodi tuione sote. Mama alikilaumu kiti, akakivuta mbele, akasahihisha kioo. Akachomeka ufunguo wake, kicha chote kikaning'inia. Kaka alikaa nyuma. Tukazunguka ua polepole. Tulipopita kwenye shimo la karibu na geti, kicha kikayumba, taa yangu ikazimika, na injini ikakata.

Mikono yote miwili ya mama ilikuwa kwenye usukani. Macho yake yalikuwa makavu, yamefumbuka, yakitazama mbele.

Nikainua kicha kwa kiganja changu. Taa ikawaka. Nikakiachia. Ikazimika. Nikarudia, nikarudia tena, nikicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu sikuwa nimejua hofu yangu ilikuwa nzito kiasi gani mpaka nilipoitua.

"Si wewe, mama," nikasema. "Ni swichi."

Aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akavuta pumzi ndefu.

Niliifungua swichi juu ya gazeti. Vipande vya shaba ndani yake vilikuwa vimelika na kuungua. Uzito uliovuta miaka yote ulivilegeza, visigusane sawasawa. Ufunguo wa kaka ulikuwa mmoja, mwepesi, ndiyo maana kwake gari lilitulia. Nilipomweleza mama kuhusu uzito, alikasirika.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Swichi si ng'ombe, mama."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kicheko hicho ninacho mpaka leo. Miaka mingi baadaye aliacha kuendesha, lakini aliacha kwa hiari yake, asubuhi aliyoichagua mwenyewe.

Jioni ile nilipomaliza kufunga swichi mpya, kaka alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, mikono mfukoni. "Nilikuwa naogopa, mama," akasema. "Niliona lile lori usingizini."

"Najua," mama akasema. "Leta mkono."

Akachopoa ufunguo wa gari. Kicha kilichobaki akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe, mkono ukashuka kidogo.

"Si ulitaka funguo? Nitunzie."

Akaenda kwa dada yake. Sisi tulibaki uani tukiisikiliza injini ikipita shimo la getini, ikapanda kilima, ikaendelea.