Jina Lililorukwa

Mhariri wetu, Philemon Wandera, alikuwa akisema kwamba makala ya mtu isiyo na kidonda ndani yake ni tangazo la mazishi la mtu ambaye hajafa. Aliniambia hivyo mwezi wa Juni mwaka 1973, akiwa ananirudishia makala yangu ya tatu mfululizo, kisha akaongeza kwamba naandika kama karani wa ardhi. Hakukosea. Tangu Februari nilikuwa nimekufa ganzi, na aliyekufa ganzi huandika mipaka tu: huyu alizaliwa hapa, huyu shamba lake linaishia pale.

Februari nilimzika binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Ilikuwa surua. Sikulia. Mama mkwe alingoja nilie, wanawake wa kanisa wakaja na unga na sukari, nao wakangoja, mwishowe wakachoka wakaenda zao. Mume wangu alirudi kazini Nakuru. Kilichonikera hasa ni kwamba kuanzia wiki ile watu waliacha kuniita mama wa mtoto wangu. Nilirudishiwa jina langu la usichana, Murugi, kama mtu anayerudishiwa sahani yake baada ya sherehe. Walidhani wananihurumia. Mimi mwenyewe jina la mtoto sikulitamka tena tangu tulipotoka makaburini.

Ofisi ya gazeti letu ilikuwa ghorofani mjini Nyeri, juu ya duka la misumari na mabati. Gazeti lilitoka kila wiki, na ukurasa wangu uliitwa "Mtu Wetu." Wandera alinionya kwamba nikiharibu na hii inayofuata, ukurasa atampa mwingine, mimi nirudi kuandika bei ya mahindi. Nilimsikia vizuri, ila sikushtuka. Siku hizo hata moto ungewaka chini ya kiti changu ningeuliza kwanza kama ni lazima nisimame.

Mtu niliyepewa ni Watiri, mjane wa upande wa Kiriaini aliyeshinda kombe la mkulima bora wa chai. Nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, karatasi ya nailoni ya kuzuia umande imefungwa kiunoni, akichuma kwa mikono miwili kama mtu anayemkuna mtoto kichwa. Hakuacha kazi kwa sababu yangu. Aliniambia kama nataka maneno yake nimfuate kati ya mistari, basi nikamfuata, viatu vyangu vya mjini vikizama matopeni.

Alinieleza habari za mbolea, baridi, na karani wa senta ya kununulia majani ambaye mizani yake ilikuwa na njaa. Alikuwa na ulimi. Hata hivyo mambo mawili yalinikaa kichwani. La kwanza, majirani waliopita njiani walimsalimu kwa jina lake, Watiri tu, mwanamke wa umri ule, hakuna aliyemwita mama wa fulani. La pili, shamba lilikuwa limepangwa vizuri, nyumba ya mtoto mmoja huku na ya mwingine kule bondeni, lakini sehemu nzuri kuliko zote, ile ya juu karibu na lango, ilikuwa tupu. Ilipaliliwa ikawa safi, na haikuwa na nyumba.

Wandera alitaka kila makala iseme mtu ana watoto wangapi. Kwao huko magharibi mwa Kenya labda huulizwa hivyo. Kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi kama mbuzi, huleta balaa, kwa hiyo huulizwa majina. Nikamuuliza majina.

"Niko na Theuri," alisema. "Halafu Kabura. Halafu Kingori, huyo wa mwisho."

Nikauliza Theuri ni jina la nani. La baba mzazi wa Watiri mwenyewe. Kabura ni la mama mkwe. Kingori ni la ndugu ya mumewe.

Niliandika, halafu kalamu ikasimama. Mtu yeyote wa kwetu angesimama hapo. Kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Wa pili ndiye wa babu mzaa mama, na wa tatu huenda kwa ndugu wa baba. Kwa majina yao, Theuri alikuwa kijana wa pili na Kingori wa tatu. Na pale langoni kulikuwa na kibao cha shamba, kimeandikwa jina la marehemu mumewe: Ngatia wa Mutahi, yaani mwana wa Mutahi. Basi Mutahi mdogo alikuwa wapi? Kama alikufa, jina lingerudishwa kwa kijana atakayezaliwa baadaye, aitwe Mutahi tena, ama Kariuki, yule aliyefufuka. Halikurudishwa. Lilirukwa, na nafasi yake ikaachwa wazi kama lile shamba la juu.

"Na Mutahi?" nikauliza.

Mikono yake haikupunguza mwendo. Alinieleza akiwa amenipa mgongo, kwa sauti ileile aliyoelezea mbolea. Ilikuwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, walipokuwa wamefungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Mutahi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Asubuhi alimwaga maziwa ya mdogo wake, naye Watiri akampiga, akampiga sana kwa sababu maziwa mengine hayakuwepo. Mchana akamtuma nje ya handaki, shamba la zamani, akachimbe viazi vitamu kabla ya kafyu. Mtoto aliondoka bila kumjibu. Lango la kijiji likafungwa jioni na hakuwa amerudi. Homugadi, askari wenyeji wa serikali ya kikoloni waliolinda lango, walisema hawakuona mtoto. Kuna waliosema watoto wengi walikimbilia msituni, wengine walidandia malori wakaenda Nairobi.

"Mimi sijui alizuiwa kurudi ama alikataa," alisema. "Hiyo tu ndiyo sijui. Ingine yote naweza kubeba."

Ngatia alipotoka kizuizini wakapata Kingori, na wazee wakataka jina lirudi. Yeye akakataa. Ukimpa mtoto mwingine jina, umemzika mwenye jina.

Halafu akageuka, akanitazama mara ya kwanza tangu nifike.

"Sasa wewe usiandike hii. Ukiandika alikufa, ni wewe umemuua. Ukiandika ako hai, watu watanicheka. Andika wale umeona."

Nikakubali. Akaniuliza, kwa adabu tu, kama na mimi niko na watoto. Nikamwambia sina. Alinitazama kitambo, akasema haya, akarudi kwenye michai yake.

Niliandika makala usiku uleule, bila huzuni na bila furaha. Niliandika mikono yake na mizani ya karani, na watoto wake kwa mpangilio, Theuri, Kabura, Kingori, kila mmoja na jina alilorithi na kwa nani. Nilikuwa nimeahidi kuandika niliowaona, nami nikawaandika. Wandera aliisoma amesimama, akasema hii iko na kitu, hajui ni kitu gani lakini kiko. Ikachapishwa Ijumaa.

Jumatatu, muuza mboga wa sokoni aliniuliza huku akifunga sukuma wiki, kijana wa kwanza wa yule mama alienda wapi. Fundi wa viatu akauliza hivyohivyo. Nyeri nzima ilikuwa imesoma jina ambalo sikuandika. Nilikuwa nimefikiri nimenyamaza, kumbe nimepiga kelele sokoni.

Jumatano akaja mtu ofisini, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, gazeti amelikunja kwapani. Alisema anaitwa Moffat, anauza mbao Kiganjo. Aliomba tuzungumze nje, tukasimama nyuma ya duka la misumari. Hakuzunguka mbuyu. Alikuwa homugadi katika kijiji kile, kijana wa miaka ishirini, na aliondoka huko mwaka uleule asirudi.

"Nilifikiria jina ilirudi kitambo," alisema. "Nilikuwa najiambia, huyo mama alipata mwingine, akamwita Mutahi, mambo ikaisha. Halafu nasoma hapa Theuri, Kabura, Kingori. Kumbe bado anangoja."

Mtoto alipigwa risasi nje ya handaki, giza likianza kuingia. Walikuwa watatu zamu hiyo na wote walifyatua. Walimzika juu ya mto, chini ya mti wa muiri uliochomwa na radi, ambao bado upo. Alivua kofia aliposema hivyo, akaivaa tena. Hakuniomba msamaha. Nilipaswa kumchukia, lakini hata chuki haikuja. Nilimuuliza tu mtoto alikuwa anafanya nini walipomwona. Akanijibu, nikamwambia kama atahitajika kuonyesha mahali, asije akajificha. Akasema hatajificha.

Wandera alikuwa ametuona dirishani. Nilimweleza, kwa kuwa ni mkubwa wangu na kwa kuwa sikuwa na nguvu za kubuni uongo. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kamera. Alisema twende wote wawili, mama akipata habari tuwe naye, kwamba makala kama hiyo mwandishi hupata mara moja maishani. Alikuwa akisema kweli ya kazi yetu. Nikamwambia kama anataka picha ya mama akiambiwa mwanawe amekufa, aanze na mama yake mwenyewe. Akasema ukurasa basi atampa mwingine. Nikamwambia ampe.

Njiani kwenda Kiriaini nilitamani gari liharibike. Mwanamke yule aliniomba nisimuue mtoto wake, na mimi nilikuwa nampelekea maiti. Nilifikiri kunyamaza. Miaka kumi na tisa alikuwa amengoja na akalima chai bora kuliko wanaume wote wa tarafa, pengine kungoja ndiko kulikomshikilia. Lakini hapo hapo nikakumbuka kitu kimoja alichosema hajui. Kitu hicho mimi sasa nilikijua, na sikuwa na haki ya kukaa nacho.

Alikuwa mstari uleule. Aliniona nakuja bila kitabu na bila kalamu, mikono yake ikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona imetulia. Nilimwambia ameze mate kwanza, kama anavyoambiwa mtu anayeletewa habari mbaya, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: Moffat, risasi, mti juu ya mto. Sikupunguza na sikupamba.

Hakupiga kelele. Alitazama shamba la juu, karibu na lango.

"Alikuwa na viazi?" akauliza.

"Alikuwa navyo. Alivua shati akavifunga ndani, amebeba kichwani. Huyo mtu anasema alikuwa anakimbia akielekea lango, kafyu isimpate."

"Anakimbia kuja kijiji?"

"Ndiyo, mama. Kuja kijiji."

Alikaa chini kati ya michai, na kikapu chake mgongoni, majani yakamwagika begani. 

"Basi alikuwa anarudi," alisema.

Alilisema tena, polepole, na uso wake ukalegea nikaona alivyokuwa amechoka miaka hiyo yote. Baadaye akasema Theuri ajenge juu sasa, karibu na lango, ambako lori hufika. Akasema mke wa Theuri ni mja mzito, na wakifikisha kijana wa tatu, yule wa jina la ndugu ya baba, wataona kama Mutahi atarudi. Alipanga mambo hayo kwa sauti ya kawaida huku machozi yakimtiririka, asiyafute, kama vile ni ya mtu mwingine. Mimi nilisimama pale. 

"Mama," nikasema, "siku ile uliniuliza kama niko na watoto."

"Nilikuuliza."

"Niko na mmoja. Anaitwa Wacera."

Jina lilitoka likiwa na kutu. Hakuniuliza yuko wapi. Alijua tangu siku ile, nadhani, ndiyo maana alisema haya akaniacha. Alijiinua kwa kushika mchai, akavua kikapu mgongoni, akanyoosha mkono kunipa.

"Shika hii, Mama Wacera," alisema. "Mvua inakuja, na majani haijafika senta."

Nikakivaa mgongoni. Nilikuwa nimefika katikati ya mstari, nikichuma vibaya, majani mazee pamoja na machanga, kabla sijatambua kwamba nalia kwa sauti. Watiri alikuwa upande wa pili wa mchai, akichuma, na hakuniambia ninyamaze.