Mtu Aliyegusa AC ya Mke Wangu

Jana usiku niliota mke wangu ameita fundi mwingine.

Nasema hivi kwa utulivu, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Mimi ni fundi AC. Tanga hii, kuanzia Chumbageni mpaka Ngamiani, ukiingia dukani ukapokewa na kaubaridi mlangoni, huenda mkono uliofunga ile mashine ni huu wangu. Nimefunga AC benki, nimefunga hotelini, nimefunga hata buchani. Halafu mke wangu mwenyewe, Mwantumu, mama Rukia, mwenye saluni ya kupamba maharusi, aite mtu wa pembeni? Si kunidhalilisha huku?

Ni kweli AC yake ilikuwa inadondosha maji. Iliwadondoshea wateja utosini. Na ni kweli aliniambia, tena si mara moja. Nikamjibu nakuja kesho, kama ninavyowajibu watu wote, mambo yakawa mengi. Lakini mke wa fundi anangoja bwana. Mimi ndivyo ninavyoona.

Basi kwenye ndoto nasukuma mlango wa saluni, na ndani ni baridi. Baridi safi, kavu, haina hata harufu ya soksi. Hakuna tone linaloanguka. Nikasimama pale mlangoni, wivu ukanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Mwantumu yuko kazini. Anamsuka bibi harusi, na nywele za bibi harusi ni mabomba ya shaba. Anayakunja taratibu, hayavunjiki, hayabonyei.

"Karibu, Baba Rukia," anasema bila kugeuka. "Kaa kwenye foleni."

Benchi limejaa. Waliokaa ni zile kesho nilizomwahidi, zimevaa vizuri, zimepakata mikoba, zinangoja kuitwa. Zilizokosa nafasi zimekaa sakafuni. Moja inanivuta suruali na kuniuliza kama chai inauzwa hapa.

"Nani kagusa hii AC?" nauliza.

"Iulize yenyewe," anasema Mwantumu. "Mdomo inao."

Nikavuta kiti, nikapanda mpaka tukatazamana. AC ikakohoa, ikafungua kibao chake cha kutolea upepo.

"Hata salamu hakuna?" ikasema.

"Salamu baadaye. Nani kakufungua?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye subira. Alinivua filta, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaianika kivulini. Akazibua bomba la maji. Akaupangusa ule uchafu wa kwenye feni kwa kidole, taratibu. Muda wote alikuwa ananiimbia."

"Anakuimbia?"

"Kidogo kidogo."

Wallahi niliumia. Mashine niliyoibeba kwa bega hili, nikaitobolea ukuta kwa mikono hii, leo inanisimulia habari za mwanamume mwingine tena kwa sauti ya kudeka!

"Mimi ndiye niliyekufunga hapa," nikaikumbusha.

"Ulinifunga, ukanipiga picha, ukaondoka."

Nikaangalia mabomba yanayotoka kwake kwenda ukutani. Sisi mafundi tunajuana kwa tepu. Kila mtu ana mkono wake wa kuyavisha mabomba. Mimi hufunga haraka haraka, nikikosea naongeza tepu juu ya kosa. Hii ilikuwa imefungwa kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko umelalia wa chini yake kwa upana ule ule, nadhifu mpaka inakera. Nikaipitisha mkono kuitafuta kasoro. Sikuipata, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nikamfikiria Chande palepale. Chande ni fundi mwenzangu wa Chumbageni, anavaa glavu nyeupe na anajipulizia manukato kabla ya kwenda kazini. Nani mwingine?

Kiti kikarefuka kikawa ngazi, nami napanda. Napita dari, napita mbao za paa, na katikati ya ngazi namkuta Chande huyo anashuka.

"Habari za shemeji?" ananiuliza.

"Umetoka kwake, halafu unaniuliza mimi?"

"Nilikuwa napita tu."

Akapita katikati ya miguu yangu akaendelea kushuka. Glavu zake hazina hata doa. Nikajiambia, mtu anayetoka kazini bila doa ana jambo anaficha.

Juu ni paa, na jua ni la adhuhuri, lile la kukaangia mayai. Mashine ya nje ya ile AC imekaa peke yake, inavuma kwa hasira, imenyewa na kunguru mgongoni. Iliponiona ikapunguza feni.

"Na wewe wamekufukuza?" ikauliza.

"Sijafukuzwa. Nimepanda mwenyewe."

"Tunaanzaga hivyo hivyo. Kaa." Ikanisogezea kivuli chake, ambacho kilikuwa cha moto. "Wakiingia saluni wanasema, lo, baridi tamu! Wanamtazama nani? Yule wa ndani. Mweupe, anapanguswa, anaimbiwa. Nani anavuta mzigo? Mimi. Joto lao lote nalimeza mimi nalitapika huku. Umeshasikia mtu akinisifu?"

"Hata siku moja."

"Ndiyo hivyo. Sasa wewe si fundi? Ivute gesi yote huku nje, uifunge. Wakome."

Kwa wasioijua kazi hii, niseme. Ukitaka kuihamisha AC, unaiacha ikiwa inawaka, unafunga bomba jembamba. Mashine ya nje inaendelea kuvuta, na kila kilichobaki ndani kinarudi huku kwa bomba nene. Kikishaisha, unafunga na hilo nene. Basi. Kilichokuwa ndani sasa kiko nje, kwako, hakuna wa kukigusa.

Kiukweli niliipenda ile fikra. Niliipenda sana. Nikatoa spana mfukoni nikafunga bomba jembamba.

Kwanza ikaja baridi. Naisikia inapita kwenye bomba nene, inaingia kwenye mashine. Nyuma yake ikaja harufu ya udi, halafu umbeya wa wateja, halafu kanda za vigoma, vibanio na hina. Nikasema endelea. Huko chini nasikia kesho zinalalamika joto. Bibi harusi analia, poda inamtiririka. Endelea, nasema, ivute yote!

Mwishoni ikaja sauti ya Mwantumu. Niliijua kabla haijafika, ile anayoitumia asubuhi akiwa hajaamka vizuri. Ikapita kwenye bomba taratibu, ikaingia.

Nikafunga bomba nene nikakaza kwa nguvu zangu zote.

Kimya.

"Safi," ikasema mashine ya nje. "Sasa ni wetu."

Nikaikumbatia ile mashine pamoja na moto wake. Nilifurahi, siwafichi. Chande asingemsikia tena, wateja wasingemsikia, hakuna mtu Tanga nzima angeitwa na sauti ile isipokuwa mimi. Nikaweka sikio kwenye bati.

"Mama Rukia," nikamwita. "Sasa niambie ukweli. Nani alikuja?"

"Hakuna aliyekuja," ikajibu sauti kutoka ndani. "Nilipanda mwenyewe juu ya kiti."

"Usinidanganye. Tepu ile ni ya fundi."

"Tepu ile ni ya msusi. Mume wangu, kila usiku unalala kando ya kichwa nilichokisuka mwenyewe, umeniona nikisuka watoto wa mtaa mzima, hukuujua mkono wangu?"

Jua linanipiga kisogoni. Kwa kweli sikuujua. Mkono ule ule unaonipakulia wali nilikuwa nimeuonea wivu tangu nilipoingia mlangoni, nikautukana moyoni, nikauita Chande.

"Na kufungua filta?" nikauliza, kwa sababu mwanamume hakubali haraka. "Kuzibua bomba? Nani kakufundisha?"

"Wewe. Ulinichukua nikushikie ngazi mwaka ule Rukia hajazaliwa. Nilikuwa nakutazama." Ikapumua. "Nilikuwa napenda kukutazama ukifanya kazi. Sasa nifungulie. Humu kuna joto."

Nikaishika spana nikazungusha. Haikushika. Naitazama, imekuwa kitana, meno yake yanakatika moja moja kwenye skrubu.

"Usifungue," ikasema mashine ya nje. "Ataingia ndani tena atusahau."

"Baba Rukia," ikasema sauti, imeshaanza kupungua. "Humu kuna joto jamani."

Nikatumia kucha. Nikatumia meno. Bati lilinichoma midomo, nami nang'ata ile skrubu huku naomba radhi, na mashine ya nje inacheka kwa feni yake yote.

Nikashtuka usingizini.

Alfajiri ilikuwa inaingia, na mvua ilikuwa imenyesha, chumba kina ubaridi wa kujivutia shuka. Mwantumu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kanga yake ilikuwa imelowa jasho, anajipepea kwa pindo lake.

"Mama Rukia, vipi?"

Akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Akajaribu tena, akashika koo, akanitazama kama mtu anayeniuliza nimeiweka wapi. Nikamshika ile mikono. Kwenye kucha zake kulikuwa na uchafu mweusi, ule unaokaa kwenye feni ya AC na hautoki kwa sabuni ya kawaida.

Midomo yake ikasema kitu polepole, nami nikaisoma vizuri. Humu kuna joto.

Nikavaa suruali, nikatafuta spana. Nje mawingu yalikuwa yanaachana na jua linakuja, na saluni paa lake ni la bati, na ile mashine ya nje imekaa juu yake.