Mwisho wa Jitu la Machimboni

Siku hiyo bwege alikuwa Khaemba, na wala hajawahi kumsukumia mtu mwingine cheo hicho.

Raisa, msimamizi wa ukumbi mpya wa sinema mjini Kakamega, alikuwa amemwomba aje mapema aipitie filamu kabla watu hawajaingia. Khaemba akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Niipitie ya nini, binti yangu? Hiyo nimeitafsiri mara mia mbili pale Lubao, wewe ukiwa bado unanyonya."

Kuhusu Lubao hakudanganya. Enzi za kanda za video, kabla simu hazijaua vibanda vya kuonyeshea filamu, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa wazungu. Alisimama kando ya televisheni na maikrofoni; filamu ikisema Kiingereza chake huko, yeye anawapa watu Kiswahili chao. Siku hizi aliuza kuku. Raisa alikuwa ameahidi kwamba leo ikinoga, kila Jumamosi maikrofoni ni yake. Kwa hilo tu Khaemba alinyoa ndevu na kuazima koti.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kale, nyeusi na nyeupe, sehemu ya pili: jitu la machimboni limerudi. Sehemu ya kwanza hakuwahi kuiona, na hilo halikuwahi kumnyima usingizi.

Saa tisa alasiri taa zikazimwa, Khaemba akawaka. Daktari wa kizungu akageuka Daktari Philemon wa Mautuma. Jitu likabisha mlango na kunguruma, "Mama Chebet, obusuma iko, ugali wa moto, ama nirudi kesho?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Jitu likamnyakua mtoto wa kike, likaingia naye pangoni.

"Leo hakuna ingokho, kuku wamekwisha, kitoweo ni huyo!"

Wanawake wakashika vifua. Nje, daraja likashika moto, na jitu likatoka pangoni kwa kasi, mtoto haonekani kwa moshi, likatumbukia mtoni pamoja na mbao zinazowaka.

"Limekufa!" Khaemba akapaza sauti. "Mtoto liko naye tumboni, hadithi imekwisha. Asanteni, mwende salama!"

Watu wakaanza kusimama. Mkono ukatoka majini.

Khaemba akaganda. Kanda ya Lubao iliishia papo hapo. Mashine ilikuwa imetafuna kipande cha mwisho kabla yeye hajaanza kazi. Mwisho ule aliutunga siku ya kwanza, watazamaji wasije wakadai viingilio vyao, na aliusema mara nyingi hata akasahau kuwa ni wake.

Sasa jitu lilikuwa likipanda ukingo wa mto, na kifuani limemkumbatia mtoto. Mzima! Anakohoa maji. Likapiga magoti mbele ya mama wa mtoto, likamlaza mapajani pa mama huyo taratibu, kama mtu anayeweka mayai. Midomo yake ikatetemeka. Lilitaka kusema neno, na mwenye kazi ya kulisemea alikuwa amesimama pale, kinywa wazi, hana hata silabi. Spika zilitoa pumzi za jitu tu. Kisha wanaume wa kijiji wakafika na bunduki, na hakuna aliyecheka tena.

Taa zilipowashwa, Musimbi, mteja wake wa tangu Lubao, alikuwa akilia waziwazi.

"Khaemba, wewe! Wanangu wote nimewalaza kwa kuwatisha na hilo jitu. Kumbe lilikuwa linaokoa mtoto!"

"Hii imechezewa!" Khaemba alijitetea, jasho likimtiririka ndani ya koti la watu. "Wameongeza kipande na kompyuta. Vijana wa siku hizi wanafufuanga hata maiti! Raisa, binti yangu, usiniangalie hivyo. Nani hapa anaijua hii filamu kunishinda? Mara mia mbili, nakwambia! Mara mia mbili!"

Raisa alinyoosha mkono, akaichukua maikrofoni.

"Mara mia mbili, mzee, na leo ndiyo umeiona mara ya kwanza."