Uzito wa Bibi Harusi

Asubuhi ya maonyesho, mama alimwosha kuku katika mabeseni matatu: la kwanza la sabuni, la pili la maji matupu, la tatu la maji yenye siki kidogo ili manyoya yang'ae. Alikuwa dobi, mkono wake ulijua kazi. Juu yake alielea bintiye Sindano, amefungwa kiunoni kwa kamba ya kuanikia nguo.

"Mama, sabuni isimwingie machoni," alisema kutoka huko juu.

Mwalimu wa klabu ya wafugaji wadogo alikuwa amewafundisha kwamba kuku wa maonyesho hula kabla ya mwenyewe. Nyumbani mle chakula kilikuwa cha kubahatisha, na Sindano alikuwa mtoto msikivu kupita kiasi. Kuku wake, Bibi Harusi, akishashiba, hapakubaki kitu. Mama aligomba, akabembeleza, akalia. Kila Ijumaa mwalimu aliwapima kuku, watoto hakuwapima. Kuku alivyonenepa ndivyo mtoto alivyozidi kuwa mwepesi, hata miguu yake ikaacha kugusa sakafu. Akimpakata Bibi Harusi alishuka, akatembea kama wenziwe, na hivyo ndivyo walivyofika uwanjani.

Mwamuzi alimchukua kuku mikononi mwake, akampapasa kidari, akafunua bawa. Sindano akapanda taratibu hadi ukingoni mwa turubai lililotandwa juu ya uwanja. Mwamuzi akamwomba asogee kidogo, maana kivuli chake kilikuwa kinamwangukia kuku.

Bibi Harusi akawa wa kwanza. Desturi ya klabu ni kwamba kuku mshindi hukabidhiwa mgeni rasmi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuja na dereva na kikapu. Mama akamwendea mwalimu.

"Mwalimu, nakuomba. Huyo kuku ndiye anayemshikilia mwanangu."

"Naelewa, mama," alisema mwalimu, na alielewa kweli, kwani alikuwa amemshikia kamba mtoto asichukuliwe na upepo. "Lakini mgeni ameshaahidiwa."

Sindano aliuliza kama Bibi Harusi atapewa chakula akifika. Dereva akamjibu kwa upole kwamba hakuna haja, ataliwa mchana huohuo.

Zawadi ya mshindi ilikuwa kifaranga wa kulea kwa maonyesho yajayo. Mama alimvuta bintiye chini, akamtia kifaranga mikononi, akalegeza kamba kidogo aone. Kifaranga alikuwa mwepesi kama leso. Wakapanda wote wawili.

Mama alifungua pindo la khanga yake. Alitoa kipande cha mkate alichojinyima, akamrushia.

"Kula, mwanangu. Kula wewe."

Sindano aliudaka mkate. Akaumega vipande vidogovidogo, akamlisha kifaranga mpaka ukaisha.

Mwalimu akawaita watoto wengine waje wajionee mfugaji wa kweli.